Malumbano ya mashairi: dhana potofu na ukweli

Neno lenyewe linaponza. Kulumbana ni kubishana, basi anayewakuta washairi wawili wakijibizana gazetini huharakisha kusema wamekosana. Nimetunga na kujibiwa kwa miaka mingi, na inaniuma kuona desturi hii ikipewa sifa isiyo yake.

Dhana: Anayejibu shairi anataka kumwaibisha mwenzake.

Anayejibu huanza kwa kupokea. Shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, na mara nyingi kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16, 8 na 8, wenye vina vya kati na vya mwisho, yaani silabi zinazofanana. Desturi ni kujibu kwa bahari ileile, yaani umbo lilelile la shairi. Wapo wanaoshika hata vina vilevile. Huliwezi hilo mpaka umelisoma shairi la mwenzio, umelighani, umelihesabu kwa vidole. Unapofika kumpinga, sauti yake imeshakuingia masikioni.

Nilipokuwa kijana nilimjibu mzee mmoja wa Tanga aliyetunga kuhusu mahari. Nilimjibu kwa pupa. Jibu lake lilianza kwa salamu, kisha akatumia ubeti mzima kuieleza hoja yangu, na aliieleza vizuri kuliko mimi mwenyewe. Ndipo akaipinga, beti kwa beti. Siku chache baadaye ikaja barua: mwanangu, mshororo wako wa tatu una mizani 15, uutazame. Hoja aliijibu mbele za watu kwa kuwa niliitoa mbele za watu. Kasoro ya ufundi alinisitiri. Tangu hapo kila nilichotunga kilipita kwake kwanza, hadi alipofariki.

Dhana: Basi malumbano ni adabu tupu, hayana ukali.

Yanao, tena mkali. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala, na kisiwa cha Pate zilipigana na Lamu katika vita vya Kuduhu. Mshairi Muyaka bin Haji alikuwa upande wa Mombasa, mwenzake Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu, na pande zote mbili zilirushiana tungo za vitisho na kejeli. Hapakuwa na urafiki. Ila mtu hamtungii fumbo adui asiyemwamini kwamba atalifumbua. Watu waliokuwa tayari kuuana waliendelea kusikilizana neno kwa neno.

Dhana: Malumbano na ngonjera ni kitu kimoja.

Ngonjera, alizozieneza mshairi wa Tanzania Mathias Mnyampala, nazo ni mashairi ya mabishano: mmoja anapinga, mwingine anaelimisha, na mwishowe wanakubaliana. Nazipenda zikighaniwa na watoto wa shule. Lakini mtunzi ni mmoja, mwafaka anao tangu ubeti wa kwanza. Katika malumbano watunzi ni wawili, na kila mmoja hungoja jibu asilolijua. Hapo ndipo pa kujenga imani, maana mwenzako angeweza kukupotosha naye asifanye.

Dhana: Shairi ni la mtunzi peke yake.

Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu wa Mombasa, na mmoja wao alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Ni yeye aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya na kuzielewa mwishoni mwa karne hiyo. Diwani, yaani mkusanyiko wa tungo zake, ikachapishwa mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya mwenyewe kuondoka. Kuelewa ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu shairi la kujibu hupoteza nusu ya maana usipojua lilimjibu nani na kwa jambo gani.

Sikujua alikuwa malenga naye. Alikuwa na tungo zake mwenyewe za kuandikisha. Akakaa na mgeni, akamtolea za Muyaka.