Bodisheipa: kuchukua saizi ndogo hakukupunguzi

"Chukua M, ikubane vizuri," muuzaji humwambia mteja anayevaa L, na wengi hukubali. Wanaamini bodisheipa, ile nguo ya ndani ya kubana mwili, ikiwa ndogo, tumbo nalo litapotea. Halipotei, linahama. Nyama iliyosukumwa kutoka kiunoni lazima itokeze mahali: chini ya sidiria, mgongoni, mapajani. Ukivaa gauni la kitambaa laini juu yake, kila mstari unaonekana. Kisha ukingo wa juu unaanza kujikunja kushuka, nawe uko kwenye sendofu unauvuta kwa siri kila unapoinuka kwenda kutuza.

Kinachobana humo ni spandeksi, uzi uliobuniwa mwaka 1958 na kampuni ya DuPont ya Marekani. Kazi yake ni kuvutika na kurudi. Ukiuvuta kupita kiasi kila siku, unalegea mapema.

Kwa hiyo pima. Zungusha futi ya fundi kiunoni na kwenye nyonga, bila kuvuta tumbo ndani (hapo ndipo tunapojidanganya), ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye pakiti, maana M ya kiwanda kimoja si M ya kingine. Ukiijaribu, usiishie kwenye kioo, keti. Pumzi ikikatika, kiungulia kikipanda au paja likiingia ganzi, hiyo ni ndogo.

Na ule mkanda wa jasho unaosemekana kuyeyusha mafuta? Kinachotoka ni maji, na ukinywa glasi mbili uzito umerudi.