“Ni ukame tu”: dhana potofu kuhusu kutelekezwa kwa kaskazini mwa Kenya

Nikiwa wakili wa kesi za ardhi na uraia kutoka Marsabit, Isiolo, Wajir na Garissa, kuna kauli moja ambayo nimeisikia hadi ikanichosha, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba haitoki kwa maafisa wa Nairobi peke yao, bali hata kwa wateja wangu wenyewe.

Dhana: Kaskazini ilibaki nyuma kwa sababu ya ukame na ufugaji wa kuhamahama.

Ukame upo, na hakuna anayeukana, lakini si ukame uliotunga sheria. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilijipa mamlaka ya kuzifunga wilaya za mpakani, asiingie wala kutoka mtu bila kibali, na mwaka 1934 ikaongeza sheria iliyowaruhusu watawala wa wilaya kukamata watu na kutwaa mali za kabila zima lililohesabiwa kuwa adui. Mifugo nayo iliwekewa karantini ili isichanganyike na ng’ombe wa walowezi, na hivyo mfugaji akazuiwa kulifikia soko ambalo leo analaumiwa kwa kutolitumia.

Uhuru haukuubadilisha mkondo huo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliotolewa wakati Tom Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, unaeleza katika aya ya 133 kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoongeza uzalishaji kwa wingi zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri, umeme na watu walio tayari kupokea maendeleo. Tazama jinsi kigezo hicho kinavyojizunguka: eneo lisilo na barabara halistahili barabara kwa kuwa halina barabara. Huo ulikuwa uamuzi wa watu, uliofanywa ofisini na kupigwa chapa, na ndiyo maana humtaka kila mteja wangu aisome aya hiyo kabla ya kutia sahihi hati ya kiapo. Mtu anayeamini kwamba dhiki yake ilitoka mawinguni hawezi kumshtaki yeyote.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi aiangalie barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500. Kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya uhuru, lami iliishia Isiolo, na lori la mifugo lingeweza kukwama njiani kwa siku kadhaa mvua iliponyesha, huku mnunuzi akiitumia hatari hiyo kumkandamiza mfugaji kwa bei. Lami ilipokamilika katikati ya miaka ya 2010, safari hiyo ikawa ya chini ya siku moja, ilhali mvua ya Marsabit haikuwa imeongezeka hata kidogo. Kuhamahama, kwa upande wake, ndiyo njia ya busara ya kutumia malisho ambayo hayaoti mahali pamoja kila mwaka, na atakayeniambia kwamba tiba ya ukame ni kumfunga mfugaji mahali pamoja, ningependa aonje kwanza kiangazi kimoja cha jangwa la Chalbi akiwa na mbuzi wake.

Dhana: Serikali haikufika huko.

Ilifika, tena ikiwa na bunduki. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya na kujiunga na Somalia, iliendelea kisheria hadi mwaka 1991, ingawa vita vyenyewe vilikwisha mwaka 1967. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa hapo. Huduma ndizo zilizokosekana, askari hawakukosekana.

Dhana: Kitambulisho ni hisani ya chifu.

Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya hati za usajili. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa utaratibu wa kuwapiga msasa waombaji wa kaunti za mpakani, lakini wapo Wakenya ambao familia zao ziliwasajili utotoni kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikawafuata hadi utu uzima. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo halina kazi mahakamani.

Dhana: Ardhi isiyo na hati ni ya serikali, na mradi mkubwa ni fidia ya kutosha.

La hasha. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kama amana tu, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulipewa ekari 150,000 huko Marsabit, na umeme wake husafirishwa kwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ukipita juu ya manyatta zisizo na taa. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Jamii zilishinda bila kuwa na hati, lakini baada ya miaka ya kesi ambayo ningependa kuwaepusha wengine. Kwa hiyo iteni mkutano, andikeni majina ya wanajamii wote, wanawake na vijana wakiwemo, chagueni kamati ya watu 7 hadi 15, na kumbukumbu za mkutano huo zipelekwe kwa msajili wa ardhi ya jamii ili ardhi yenu isajiliwe kabla mwekezaji hajafika na ramani yake.