Kabla hujanunua pampu kubwa, pima upepo

Wiki hii huyu ni wa tatu. Dada mmoja wa Goba kanipigia: "Fundi, pampu ya maji imechoka. Inawaka inazima, inawaka inazima. Nimeambiwa ninunue ya HP moja na nusu, wewe njoo uifunge tu." Aliyonayo ni nusu HP, haijatimiza hata miaka miwili. Nikamwomba asimpe mtu hela mpaka nifike.

Nilipofika nikamwambia afungue bomba la jikoni, mimi nikabaki nje naangalia geji ya presha. Sindano ikaporomoka kutoka bar 2.8 hadi 1.4, tak! pampu ikawaka. Sekunde mbili tu ikarudi 2.8, tak! ikazima. Ikaporomoka tena. Jamani, pampu iliyochoka inapata wapi nguvu ya kupandisha presha kwa sekunde mbili? Iliyochoka inanguruma, inahangaika, haifiki 2.8, kwa hiyo haizimi kabisa. Ya dada ilikuwa nzima kama siku iliyotoka dukani. Mgonjwa alikuwa tangi.

Na hapa ndipo ninapochoka mimi. Watu wanaliona lile tangi jekundu la presha linalofungwa na pampu wanadhani ni Simtank ndogo, kazi yake kutunza maji. Siyo. Ndani kuna mpira. Maji yanaingia kwenye mpira, na upepo uko nje yake, kati ya mpira na chuma. Maji hayabinyiki, upepo unabinyika. Pampu ikizima, ule upepo uliobinywa ndio unaokusukumia maji mpaka bafuni. Tangi la lita 24 lenye upepo wa 1.2, swichi ikiwa imesetiwa iwashe kwa 1.4 na izime kwa 2.8, linakupa lita kama 8 kabla pampu haijawaka tena. Sehemu kubwa ya hizo 24 ni upepo, usidai umeibiwa. Upepo ukiisha, zile lita 8 zinageuka glasi moja, na pampu inawaka kwa kila glasi. Mota inavuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuliko inapozunguka, kwa hiyo kuwaka mara mia kwa siku kunaunguza swichi, kunavimbisha kapasita (kile kidude kinachoisaidia mota kuanza), mwisho koili, yaani nyaya za ndani ya mota. Halafu mtu ananiambia, "Si nilisema imechoka?"

Sasa funga HP moja na nusu kwenye tangi hilohilo lisilo na upepo. Itajaza ile glasi haraka zaidi, itazima haraka zaidi, itawaka haraka zaidi. Umenunua ugonjwa uleule kwa bei ya juu.

Kupima ni hivi. Zima umeme, fungua bomba la chini kuliko yote, acha maji yaishe mpaka geji isome sifuri. Hatua hii mafundi wenzangu wengi wanairuka, na tumeshagombana sana. Ukipima tangi likiwa na maji, unachosoma ni presha ya maji inayousukuma huo upepo. Utaona 2 safi, utafunga begi, utaondoka. Maji yakiisha, toa kifuniko cha plastiki cha tangi. Utakuta tundu lilelile la tairi. Libonyeze kwa msumari. Maji yakitoka, mpira umepasuka: badilisha mpira, siyo tangi zima. Usiposikia kitu, hakuna upepo. Jaza kwa pampu ya baiskeli mpaka ifike 0.2 chini ya pale pampu inapowakia. Kwa swichi ya 1.4 ni 1.2, yaani psi 17 hivi kwenye geji ya matairi.

Mengine haraka haraka. Pampu inawaka usiku nyumba nzima imelala: funga koki inayopeleka maji ndani. Geji ikitulia, nenda kakague floti za vyoo. Ikiendelea kushuka, maji yanarudi nyuma kwenye chekivalvu, ile inayotakiwa kuyapitisha upande mmoja tu. Inanguruma bila kuzunguka: zima umeme, zungusha shafti kwa bisibisi upande wa feni. Ikiwa nyepesi, shuku kapasita. Na usiiache izunguke bila maji, sili inayozuia maji yasivuje kwenye shafti itaungua.

Kapasita nimesema "shuku" kwa sababu. Niliwahi kupeleka mota ya mzee mmoja ikasukwe koili upya, nikairudisha, nikaifunga, ikanguruma vilevile. Kumbe jioni umeme wa mtaa wao unashuka hadi volti 170, mota inakosa nguvu ya kuanza. Sikuwa nimepima. Hela ya kusuka nikamrudishia.

Na wateja wakiniuliza wajaze upepo kila baada ya muda gani, huwa najibu miezi sita kwa sauti ya kujiamini. Ukweli ni kwamba miezi sita nimeichagua mwenyewe. Nimekuta tangi la miaka minne halijapoteza kitu, na jingine la aina ileile limeishiwa kwa wiki tatu. Mipira ya Kariakoo nayo, kwa kuiangalia tu, siwezi kukwambia upi utadumu.

Kwa dada wa Goba nilipampu mpaka mikono ikauma, nikawasha, ikapanda taratibu, ikazima. Akafungua bomba, akakinga ndoo ya lita 20. Sindano sasa ikashuka kwa starehe zake, na ndoo ikakaribia nusu ndipo tukasikia tak. Akacheka. Nilipomtajia elfu ishirini akaacha kucheka, akataka kujua upepo nimeununua wapi.