Gari la turbo likigoma kuwaka, usianze na turbo

Asubuhi za Juni na Julai, Uyole au Makambako, gari la turbo lililoongezewa nguvu likigoma kuwaka utasikia hukumu ileile: "Turbo hiyo, imekataa baridi ya huku." Si kweli. Turbo, feni inayoisukumia injini hewa zaidi, huzungushwa na moshi wa injini. Injini haijawaka, moshi hakuna, turbo imetulia zake.

Kwanza sikiliza. Stata ikigonga "tak" na injini isizunguke, tafuta kwenye umeme: betri, terminali zenye kutu, au waya wa ethi (unaounganisha ncha hasi ya betri na chuma cha gari) uliolegezwa wakati wa kufunga vifaa vipya na usirudishwe sawasawa. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 stata ikizungusha, ilikuwa imechoka tayari. Baridi imeifichua tu. Pima pia kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini huku mwenzako akipiga stata: ikizidi volti 0.5, ethi ni mbovu. Kipimo hiki wengi hukiruka, wakakuuzia betri mpya.

Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki, hamia kwenye mafuta na cheche. Nozeli kubwa (vipulizia mafuta) zilizofungwa bila kompyuta ya injini kupangwa upya zinaweza kuliwasha gari likiwa baridi na kulikatalia likiwa moto, au kinyume chake. Sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta jinsi injini inavyozunguka, nayo ina tabia ya kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, kwa hiyo gari lililogoma mlima Kitonga linaweza kuwaka kabla fundi hajafika. Mita ya kupimia volti ikae garini, upime likiwa bado limegoma.