Mesnier alitangulia, Laurent akafuata

Lucien Laurent hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeifungia Ufaransa bao lake la kwanza, ilhali sifa yake halisi ni tofauti: tarehe 13 Julai 1930, mjini Montevideo, alifunga bao la kwanza katika historia ya Kombe la Dunia, katika mechi ambayo Ufaransa iliishinda Meksiko kwa mabao 4 kwa 1. Kufikia siku hiyo, timu ya taifa ya Ufaransa ilikuwa na umri wa miaka 26.

Aliyeifungia bao la kwanza kabisa ni Louis Mesnier, mshambuliaji wa FC Paris. Mechi hiyo, dhidi ya Ubelgiji, ilichezwa tarehe 1 Mei 1904 katika mtaa wa Uccle, mjini Brussels, wiki tatu hivi kabla FIFA haijaundwa, na ilikuwa mechi rasmi ya kwanza kwa nchi zote mbili. Wabelgiji ndio waliotangulia kufunga, Mesnier akasawazisha, na hatimaye timu zikatoka sare ya 3 kwa 3.

Mesnier aliendelea kuichezea Ufaransa hadi 1913, muda mrefu kwa mchezaji wa zama zile za kipigo, ambapo Waingereza wa ridhaa waliichapa Ufaransa 15 kwa 0 mwaka 1906. Ligi ya soka ya kulipwa ilianza nchini Ufaransa mwaka 1932 tu, kwa hiyo hata Laurent, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya magari ya Peugeot, alikwenda Montevideo akiwa mchezaji wa ridhaa.