Meno ya bandia hayalegei, taya ndilo linalopungua

Malalamiko tunayoyasikia mara nyingi kliniki ni haya: "Daktari, meno mliyonitengenezea yalinikaa vizuri, sasa yanacheza." Mgonjwa huamini akriliki, ile plastiki ngumu ya meno hayo, imelegea. Kumbe kilichopungua ni taya lake. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishikilia hukosa kazi na kuanza kunywea, kwa kasi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole kwa maisha yote. Taya la chini hunywea zaidi. Tena meno ya juu hufunika kaakaa na kushikwa na utando mwembamba wa mate, ilhali ya chini hukaa juu ya ukingo mdogo huku ulimi ukiyasukuma kila unaposema. Anayetaka ya chini yabane sawasawa na ya juu atamlaumu mtengenezaji bure.

Kwa hiyo si kweli kwamba ukishatengenezewa umemaliza. Kwa kawaida meno haya hubadilishwa baada ya miaka 5 hadi 10, na kabla ya hapo huweza kuongezewa akriliki upande wa ndani yafuate umbo jipya la fizi. Yakivunjika, wengi hukimbilia gundi ya dukani, ileile ya kubandikia viatu. Hiyo haikutengenezwa kuwekwa kinywani, na meno yakishaungwa kombo hata kidogo ni vigumu kuyarudisha sawa.

Kibaya zaidi ni jino la fundi wa mtaani, linalogandishwa moja kwa moja kwenye meno ya jirani. Bei yake inavutia, najua. Lakini halitoki wala halisafishiki. Uchafu hukaa chini yake, fizi huvimba, na meno mazima yaliyolishikilia huanza kutikisika. Mtu alikuja na pengo moja, anaondoka na matatu.

Kuna wanaolala na meno hayo kwa aibu, hata mwenzi asijue. Aibu hiyo naielewa, ila fizi zinahitaji kupumzika. Fangasi wa kandida hupenda kujificha chini ya meno yasiyotolewa, kaakaa likawa jekundu bila hata kuuma. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi, ulionyesha kuwa waliolala na meno ya bandia walikuwa na hatari ya nimonia takriban mara mbili ya wenzao. Usiku yaweke kwenye maji safi ya kawaida. Yakikauka au yakitiwa maji ya moto hupinda.

Na dawa ya meno? Iache. Ina chembe zinazokwaruza akriliki, na mikwaruzo ndiyo maficho ya vijidudu. Sabuni ya maji na mswaki laini vinatosha.

Usitarajie pia nguvu ya meno ya asili. Seti kamili hutafuna kwa takriban robo ya nguvu hiyo, kwa hiyo mahindi ya kuchoma yapukuchue kwa mkono, na nyama ikatwe vipande vidogo, itafunwe pande zote mbili kwa pamoja.

Asiye na jino hata moja husema hana shughuli na daktari wa meno. Saratani ya kinywa haiangalii kama una meno. Kidonda ambacho hakijapona ndani ya wiki 2 kionwe na daktari, na hata bila kidonda, kinywa kikaguliwe mara moja kwa mwaka.