Mzee kaniuliza, besi iko wapi?

Huku Mbeya ukimwambia mtu unapiga jazz, yeye kichwani anaona Morogoro Jazz, Western Jazz, gita la solo, ridhimu, tarumbeta, watu wanasakata rumba mpaka usiku wa manane. Wala hana kosa, bendi zetu nyingi za zamani zilijiita jazz huku zikipiga dansi letu hili hili. Sasa akiingia akakuta ni mimi na gita, na dada mmoja kakaa kwenye stuli na maiki yake, basi, anaanza kuangalia mlangoni kama wenzetu wamechelewa daladala. Juzi kati mzee mmoja pale mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, alinifuata kabisa, kwa upole tu: "Kijana, besi iko wapi?"

Besi iko kwenye dole gumba, mzee wangu.

Tunachopiga ni zile nyimbo za jazz za Marekani ambazo wenyewe wanaziita standadi, nyingi zilitungwa kwa ajili ya sinema na maonyesho ya jukwaani miaka ya 1930 na 40, wanajazz wakazichukua kila mmoja akazipiga anavyojua. Mara nyingi kunakuwa na piano, besi, dramu. Ukishavitoa hivyo vyote mpiga gita anaingiwa na hofu, anataka kuziba pengo lote peke yake. Mimi nimefanya hivyo mwaka mzima! Nyuzi zote 6, besi inakimbia, manakshi kila kona, mpaka siku moja mazoezini dada akakata wimbo katikati akaniambia, "Kaka, umejaa chumba kizima, mimi nikae wapi?" Iliniuma, ila alikuwa sahihi.

Kwa hiyo kazi yangu siku hizi ni kupunguza. Nawaelezea kwa solfa maana hapa Mbeya nani hajapita kwaya. Chukua kodi (sio ile ya TRA, ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayoanzia re, yaani re fa la do, inafuata ya sol, ambayo ni sol ti re fa, halafu unarudi nyumbani do mi sol ti. Mwendo huo utaukuta kwenye standadi karibu zote. Ukipiga kila kitu hapo ni noti 12, msongamano mtupu. Mimi juu nabakiza mbili tu, fa na do. Kodi ikibadilika fa inakaa palepale, do inashuka nusu hatua inakuwa ti. Ikibadilika tena, ti inakaa, fa ndo inashuka kuwa mi. Umeona? Kidole kimesogea kimoja kimoja, tena kidogo mno, lakini sikio limesafiri safari nzima. Dole gumba chini linagusa re, sol, do, hiyo ndo besi ya mzee. La, re na sol za katikati nimeziacha, sikio halizitafuti hata kidogo, na pale zilipokuwa sasa kuna nafasi ya sauti ya dada.

Mpiga gita Freddie Green alikaa kwenye bendi kubwa ya jazz ya Count Basie tangu 1937 mpaka alipofariki 1987, na mara nyingi alikuwa anasikika noti moja au mbili tu kwenye kila kodi. Miaka 50 hiyo!

Kwa wanaotaka kusikia watu wawili kweli, tafuteni mwimbaji Ella Fitzgerald na mpiga gita Joe Pass, wana albamu nne za hivyo, ya kwanza ilirekodiwa 1973. Watu wengi wanaitaja pia ile ya mwimbaji Julie London ya 1955 na gita la Barney Kessel, tamu sana, ila sikiliza vizuri, mle ndani kuna besi ya Ray Leatherwood.

Kinachonitesa zaidi ni muda. Utangulizi wa wimbo hauna mapigo, hapo namfuata yeye, naangalia bega lake likipanda kuvuta pumzi ndo naweka kodi. Lakini mapigo yakishaanza mambo yanageuka, maana mwimbaji wa jazz anapenda kuchelewesha neno makusudi, anaanza nyuma kidogo afu anakuja kukuwahi mwishoni mwa mstari, na we ukimhurumia ukapunguza mwendo ili umsubiri wimbo wote unalala. Simsubiri. Tuliokulia kwaya hiki kitu ni kigumu, tumezoea kutazama mkono wa mwalimu.

Halafu Julai na hili baridi letu. Gita nikilitunia nje, tukiingia ndani kwenye joto la watu nyuzi za chuma zinalegea na sauti inashuka, kwenye bendi kubwa labda ingejificha ila kwetu hakuna pa kujificha, kwa hiyo nafika nusu saa kabla nalitoa kwenye begi likae tu.

Mzee wa Soweto alikaa mpaka wimbo wa mwisho. Akanipa mkono, "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kapiga hatua mbili karudi: "Lakini na besi mtafute."